Ndovu Walionukia Udi

Vijana wangu, kidole changu cha shahada, mkono wa kulia, hakisikii tena. Kwa miaka mingi kilisukuma sindano ipite kwenye felti, na sasa hata ukikichoma hakina habari. Ndiyo sababu nimeacha kushona. Daktari mmoja wa hapa Likoni alikigeuzageuza akaniuliza, "Mzee, ulikuwa seremala?" Nikamwambia, "La, nilikuwa nashona ndovu." Akaandika jambo kwenye kadi yangu, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Mmeniomba niwaandikie ninayoyajua, nyinyi mnaoshona wanyama wa felti majumbani mwenu, na mimi si mtu wa mpangilio. Shule niliiacha darasa la tano. Kwa hiyo msitarajie nianze mwanzo nimalizie mwisho. Nitaandika mambo yanavyonijia.

Kwanza, kiolezo. Siku hizi nawaona mnachukua violezo kwenye simu, mnakwenda kwa mwenye mashine ya kuchapa, mnatoka na karatasi nyeupe safi. Vizuri. Lakini karatasi ile ukishaibana kwenye kitambaa mara tatu imechanika, na hapo mwachora nyingine kwa kufuata kipande mlichokwisha kukata. Hapo ndipo mnapoharibu. Najua kwa sababu nilifanya hivyo hivyo. Nilichora ubavu wa ndovu wa pili kutokana na wa kwanza, wa tatu kutokana na wa pili, na kila mara penseli hupita nje ya ukingo kwa unene wa unywele. Kufika wa kumi, ubavu ulikuwa umenenepa, na kipande cha tumbo ni kile kile cha zamani. Kipande cha tumbo ni kile chembamba kinachoshonwa kati ya mbavu mbili na kushuka ndani ya miguu. Hicho ndicho humfanya mnyama asimame. Kikiwa kifupi, ndovu hupiga magoti. Nilishona ndovu wanane kwa mbavu hizo nene, na wote wanane wakapiga magoti kama wako kanisani. Bi Zuhura aliwapapasa mmoja mmoja, kisha nikamsikia akisema kutoka nyuma ya pazia, "Musyoka, hawa umewabatiza?"

Wekeni kiolezo kimoja cha asili. Kikateni kwenye boksi gumu la majani ya chai, kitoboeni tundu, kitundikeni ukutani, na kila nakala itoke kwa hicho kimoja tu.

Nimesema nyuma ya pazia. Hapo sharti nieleze.

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kidogo, nimepanga chumba Timbwani. Nilikuwa nimeshakuwa utingo wa lori, nimepakia chai bandarini, nimefyeka nyasi kule Airport, nimeuza mahamri Mjambere, na nimetengeneza redio mpaka watu wakaanza kuzificha redio zao wakiniona. Sikumaliza mwaka kwenye kazi yoyote. Nikishaelewa kitu kinavyokwenda, hamu inaniisha, naondoka. Sikuwa mvivu, mnielewe. Nilikuwa tu sijakutana na kitu kisichoisha kueleweka.

Basi nyumba ya pili kutoka kwangu, barazani, kila asubuhi aliketi bibi mmoja mzee akipigana na mkasi na kitambaa cha kijivu. Siku ya tatu nikashindwa kupita.

"Shikamoo, Bibi. Wakata nini?"

"Marahaba. Nakata ndovu."

"Yuko wapi huyo ndovu?"

"Hajazaliwa. Na kwa mkono wangu huu, akizaliwa atakuwa ng'ombe."

Nikamwomba mkasi. Nikagundua jambo ambalo yeye hakuligundua, kwamba alikuwa akiuzungusha mkasi kitambaa kikiwa kimetulia. Felti haitaki hivyo. Ni kitambaa cha manyoya yaliyoshindiliwa, hakikufumwa, hakina uzi wa kufuata. Mkasi unatakiwa utulie na kitambaa ndicho kizunguke. Nikakata ubavu mmoja kwa mkato mmoja, bila meno meno.

"Zuhura!" bibi akaita kuelekea dirishani. "Nimepata Mkamba anayejua kukata!"

"Abee, Shangazi," sauti ikajibu kutoka ndani. "Niletee niuone mkato wake."

Mimi, kwa udadisi wangu, nikasimama nikashika pazia la dirisha ili nimkabidhi mwenyewe. Shangazi alinichapa ndara ya mgongo kabla sijalisogeza hata inchi.

"Mwenyewe yuko eda! Kwenu hamna adabu?"

Nilizaliwa Changamwe, nimekua na majirani Waislamu, tumekula pamoja na kucheza mpira pamoja, lakini mambo ya ndani ya nyumba zao sikuyajua. Shangazi akaniketisha akanieleza. Mume wa Bi Zuhura alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, wala haonani na wanaume isipokuwa maharimu wake, kama kaka yake. Mumewe ndiye aliyekuwa akinunua felti mjini, akikata, na kupeleka wanyama kwenye duka moja la hoteli kule Diani. Bi Zuhura alishona. Walikuwa wamepokea oda ya wanyama mia moja, ndovu hamsini na kasa hamsini, kisha bwana akaenda kwa Mola wake na oda ikabaki.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi yangu. Nilikaa barazani chini ya dirisha, Shangazi kando yangu na kikopo chake cha ugoro, Bi Zuhura ndani nyuma ya pazia. Kikapu kiliingia na kutoka. Mwanzo nilikata tu. Baada ya wiki nikaomba sindano.

Alikuwa na njia yake ya kunikagua. "Nimefumba macho," alikuwa akisema. "Naenda na kidole kwenye mgongo wake. Mshono, mshono, mshono... ah. Hapa umelala. Ulikuwa ukiangalia nani akipita?" Na wallahi, nami si Mwislamu lakini kiapo hicho nilikipata barazani pale, kweli nilikuwa nikiangalia mtu akipita.

Mshono wenyewe ni ule wa pindo la blanketi, unaopita juu ya ukingo na kuacha uzi unaonekana kama meno ya kitana. Felti haihitaji kupinduliwa ndani nje. Unashonea nje, kila mtu auone mkono wako. Ndiyo maana hakuna mahali pa kujificha. Kujaza nako kuna elimu yake. Anza na sehemu za mbali: mkonga, ncha za miguu, mkia. Ukijaza tumbo kwanza, mkonga hautafikiwa tena. Tumia kijiti cha mishikaki kilichokatwa ncha, na sukuma vidonge vidogo vidogo vya pamba. Ukisukuma bonge, ndovu atatoka na uvimbe shingoni, na mnunuzi atauliza kama anaumwa.

Sasa nisikilizeni, maana hapa pana uzito.

Bi Zuhura alikuwa na kaka, Athmani, mkulima wa minazi na mikorosho huko Msambweni. Alikuja kila Ijumaa baada ya sala, na dada yake akimfungulia mlango. Si mtu mbaya. Alikuwa amemwambia dada yake tangu matanga kwamba eda ikiisha atarudi kwao. Hakujaliwa mtoto, mume hayupo, nyumba ni ya Shangazi, atabaki Likoni kufanya nini? Kushona midoli? Bi Zuhura aliomba jambo moja tu, amalize oda. Athmani akakubali, kwa sharti ambalo nililisikia mimi mwenyewe nikiwa chini ya dirisha.

"Fanya. Lakini neno moja la watu likinifikia kuhusu eda yako, au kuhusu huyo aliyekaa hapo nje, kazi imekwisha. Mikasi hiyo itabaki hapa na wewe utakuja kwetu."

Alipoondoka, Shangazi akauliza kupitia pazia, "Kwani kwa kaka yako kubaya?"

"Si kubaya, Shangazi. Nitakula, nitavaa, nitalala. Asubuhi nitaamka, mke wake atakuwa ameshafagia, ameshapika, ameshafua. Nitakaa. Mimi sitaki kukaa. Nina kazi."

Baada ya hapo kikapu kikatoka na kasa wawili zaidi wa kujazwa.

Haya, sufi. Nyinyi mnanunua pamba nyeupe ya dukani kwenye mfuko, nyepesi kama povu. Sisi tulitumia sufi, ile ile ya mito na magodoro. Sufi nzuri ukiifinya na kuiachia, huinuka yenyewe. Mbegu zake lazima zitolewe zote, la sivyo panya watakuja kumpasua ndovu tumbo. Nilitumwa kununua gunia wakati wa masika. Muuzaji aliapa ni kavu. Nilifinya konzi moja ya juu, ikainuka, nikalipa. Chini ya gunia ilikuwa imelowa. Niliijua siku ya pili, vidole viliniambia. Lakini tulikuwa tunakwenda vizuri, nilikuwa nataka kuona kundi la ndovu limesimama, nikaianika nusu siku kwenye jua la mawingu kisha nikaijaza. Sikumwambia mtu.

Baada ya wiki mbili, wanyama sitini walikuwa tayari, nami nikawa nimewaweka chumbani kwangu kwa kuwa kwao hapakuwa na nafasi. Asubuhi moja nikafungua magunia. Lo! Harufu ya ukungu ilitoka kama sanduku lililofungwa tangu enzi za babu. Mtoto gani atalala na mnyama kama huyo?

Mtu mwenye akili angekwenda dirishani akasema. Mimi nilifikiria ufundi. Niliwahi kuona wanawake wa mtaani wakifukiza nguo zao: unaweka kaa la moto kwenye chetezo, unatia udi juu yake, unafunika tenga, nguo zinakaa juu zinavuta moshi. Zinatoka zinanukia kwa siku nyingi. Nikanunua udi, wa maana, nikaazima chetezo na tenga kwa jirani, nikawapanga ndovu na kasa kwa zamu uani kwangu siku nzima ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikaendelea. Ilipofika adhuhuri, wanyama arobaini walikuwa wananukia kama ukumbi wa harusi. Nilifurahi, vijana. Nilijiona nimegundua jambo. Nikawatia kwenye magunia mawili safi nikampelekea Shangazi, naye akawaingiza chumbani kwa Bi Zuhura awakague.

Shangazi alikuwa mtu wa ugoro tangu ujana. Pua yake ilikuwa imestaafu zamani.

Kutoka ndani nikasikia, "Shangazi! Ni nini hiki? Toa! Toa haraka!"

"Nitoe nini? Si ndovu hawa?"

"Toa, nakwambia! Mimi niko eda!"

Nilikuwa sijaelewa. Hakuna aliyekuwa ameniambia, na sikuwa nimeuliza, kwamba mjane akiwa eda hatii manukato. Hata sabuni yake huchaguliwa. Udi ndani ya chumba chake ni sawa na kutangaza kwamba amemsahau mumewe. Na wakati Shangazi anainama kuinua gunia la kwanza, Athmani akapiga hodi mlango wa uani. Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala.

Aliingia. Nilimsikia akisimama.

"Nani amefukiza humu?"

"Kaka, si mimi."

"Miezi mitatu haijatimia tangu tumzike mumeo! Chumba kinanukia kama cha bibi harusi!"

"Kaka, wallahi si mimi."

"Athmani, punguza sauti," Shangazi akasema. "Mimi sisikii harufu yoyote."

"Wewe na ugoro wako, Shangazi, hata nyumba ikiungua hutasikia moshi."

Akatoka barazani akiwa amevimba mishipa ya shingo. Nilisimama kumsalimu. Alinusa mara moja, akarudi nyuma kana kwamba nimemchapa. Nilikuwa nimeshinda kwenye moshi siku mbili. Shati langu, nywele zangu, hata ndara zangu zilinukia udi.

"Na huyu naye!" akasema.

Sitawadanganya. Niliitazama barabara. Maisha yangu yote nimeondoka mahali kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Chumbani nilikuwa na begi moja na godoro la kuazima. Ningefika feri kabla hajamaliza kunitukana. Lakini nilijua nikiondoka nikinukia vile, basi nimethibitisha kila alichokuwa akifikiri, na aliyebaki nyuma ya pazia hataweza kulitoa doa hilo maishani mwake.

"Kaka Athmani," nikasema, "ni mimi. Nimewafukiza ndovu."

"Umewafukiza nini?"

"Ndovu. Na kasa."

"Unanidhihaki? Mbele ya nyumba ya msiba?"

"Tafadhali njoo nyumbani kwangu. Hatua ishirini. Ukiona ni uongo, fanya unalotaka."

Alikuja, nadhani ili apate mahali pa kunipiga pasipo na watu. Tukafika uani kwangu. Chetezo kilikuwa bado kinafuka. Juu ya tenga walikuwa wamekaa wanyama ishirini waliobaki, wameelekeana duara kama wageni wanaosubiri kahawa. Nilikuwa nimewaacha muda mrefu mno. Kasa mmoja alikuwa ameshuka kati ya matundu ya tenga na mgongo wake umekuwa kahawia, ukitoa moshi wake mwenyewe.

Athmani alisimama.

"Huyu kasa ameungua," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini unawafanyia hivi?"

"Wananuka ukungu. Sufi ilikuwa imelowa. Niliogopa kusema."

Akamwokota ndovu, akafumua mshono kwa kidole gumba, akatoa sufi akainusa. Yeye ni mkulima, ana misufi yake kwenye mpaka wa shamba. Akapiga chafya mara mbili. "Hii si sufi, hii ni takataka. Nani kakuuzia?" Kisha akamtazama tena yule kasa, na kitu kikamshinda usoni. Alianza kucheka bila kutaka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa. Mimi nilicheka pia, kwa woga.

Alipomaliza alifuta macho, akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko hasira: "Mimi nimekuamini. Lakini watu hawatakuja uani kwako kutazama kasa. Watakaopita watasema wamesikia udi dirishani kwa mjane. Siku ya kutoka eda nakuja na pikapu."

Tukarudi. Akamwambia dada yake vivyo hivyo. Nilidhani nitasikia kilio. Nikasikia sauti ile ile iliyokuwa ikihesabu mishono.

"Sawa, kaka. Njoo na pikapu. Ila oda hii nitaikabidhi kwa mkono wangu. Diani iko njiani kwenda kwenu."

"Iko njiani," Athmani akakubali.

Alipoondoka, Shangazi alinitaka nimpe yule kasa aliyeungua. Nikampa. Kuanzia alasiri ile mpaka wiki nzima alikaa naye mapajani barazani, na kila mwanamke aliyepita alimwita. "We Mwanaidi! Njoo umwone Mkamba alivyomchoma kasa! Alitaka kumtia udi, akamtia jahanamu!" Wanawake walicheka mpaka wakashika kuta. Habari ya udi ilifika sokoni, ikafika kisimani, ikafika msikitini, lakini kila ilipofika ilikuwa ni habari ya Mkamba mjinga na kasa wake. Nimeishi mtaa huu miaka mingi na bado kuna watu wananiita Mchoma Kasa. Sijawahi kuwasahihisha.

Bi Zuhura hakuniambia neno siku mbili. Siku ya tatu kikapu kilitoka kimejaa ngozi: ndovu waliofumuliwa mgongoni, watupu. Alikuwa amewapasua wote waliokuwa chumbani mwake.

"Bi Zuhura," nikasema kwenye pazia, "nisamehe kuhusu udi. Sikujua."

"La udi nimekusamehe siku ile ile. Hukujua. La sufi ulijua."

Niliokota ngozi moja kikapuni nikaigeuza.

"Ndovu mwenye mkonga uliopinda ninaweza kumrekebisha," akaendelea. "Sufi mbovu ukiniambia siku ya kwanza, tunaianika, au tunamwaga, siku mbili zimepotea. Ukinificha, nashona ukingo mzuri juu ya uozo. Siku nyingine ukiharibu, piga ukuta mara moja. Usieleze. Piga tu, nitajua, tutaanza kutoka hapo."

Nimewafundisha watu wengi tangu wakati huo, na hilo ndilo nililoanza nalo kila mara. Kabla ya sindano, kabla ya mkasi. Mtu akiharibu, apige meza. Hakuna kuulizwa, hakuna kuchekwa mpaka kazi irekebishwe. Kuchekwa ni baadaye.

Wiki ile Athmani alituma magunia mawili ya sufi kutoka shambani kwake, imeshatolewa mbegu, kavu mpaka ikaruka ukifungua mdomo wa gunia. Hakutuma salamu wala maelezo. Ngozi tukazitundika kwenye kamba uani kwangu. Msithubutu kufua felti kwa maji ya moto ili kutoa harufu. Itajikunja na kuwa ndogo, ndovu mtu mzima atarudi utotoni. Udi hutolewa na jua na upepo, na subira ya siku kumi. Kila jioni nilimpelekea Shangazi ngozi moja, naye akaiingiza kwa ncha ya bakora ili Bi Zuhura ainuse kwa mbali. "Bado," alikuwa akisema. "Bado. Bado kidogo. Haya."

Tukajaza upya hamsini na tisa, tukashona arobaini na mmoja waliobaki. Nilipiga ukuta mara nyingi. Siku moja nilipiga mara nne kabla ya chai, na ndani nikasikia kicheko kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Eda ikaisha. Asubuhi ile wanawake walijaa ndani, mimi nikaambiwa nikae mbali. Athmani alifika na pikapu kama alivyosema. Tulipakia magunia ya wanyama, kisha yeye na mimi tukatoa sanduku la nguo la Bi Zuhura, godoro lake, na jiko. Shangazi alikataa kusimama mlangoni. "Siagi mtu," alisema, akavuta ugoro wake.

Ndipo Bi Zuhura akatoka. Kwa miezi yote nilimdhania mrefu, kwa sababu ya ile sauti. Ni mfupi, mwembamba, amevaa miwani. Alinitazama kama anayetazama mshono. "Kumbe una mvi," akasema, akapanda mbele na kaka yake. Mimi nikapanda nyuma, juu ya godoro, kati ya magunia.

Kule Diani msimamizi wa duka alimtoa ndovu wa kwanza, akamweka mezani, akamsukuma kwa kidole ubavuni. Ndovu akatikisika akasimama. Akamsukuma kasa, akamgeuza, akapitisha ukucha kwenye ukingo wake wote. Akatoa wa tatu, wa nne. Athmani alikuwa amesimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni. Aliacha kuzungusha.

"Nani ameshona hawa?" msimamizi akauliza.

"Sisi," Bi Zuhura akasema, na kidole chake kikanionyesha na mimi, niliyekuwa na gunia begani.

"Nataka tena mia. Na twiga, kama mwaweza. Nani ataniletea?"

Bi Zuhura alimgeukia kaka yake mlangoni. "Utaletewa jibu," akamwambia msimamizi, tukatoka.

Mnaijua njia ile. Barabara ya kutoka ufuoni inafika Ukunda na kukutana na barabara kuu. Ukikata kushoto unakwenda Msambweni. Ukikata kulia unarudi Likoni. Athmani alisimamisha pikapu pale pale kwenye makutano. Hakuwasha taa ya upande wowote. Kupitia kioo cha nyuma niliona mabega ya wote wawili. Bi Zuhura alikuwa akizungumza, si kwa muda mrefu, mikono yake imetulia mapajani. Athmani alishika usukani kwa mikono miwili akitazama mbele. Nyuma yetu magari yalianza kupiga honi, na bodaboda mmoja akapita akitutukania ukoo mzima.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba akikata kushoto nitaruka chini hapo hapo na kutafuta kazi nyingine. Kazi hazikuwahi kunishinda kupata. Na nilikuwa nimekaa juu ya godoro la mtu, nimeshika sanduku lake lisianguke, nikigundua kwamba sitaki kazi nyingine yoyote.

Honi zikazidi. Nikainama pembeni mwa pikapu kutazama. Taa ya kulia ilikuwa inawaka na kuzima.